Nyekundu Iliyokataa Kushika

Wasikilizaji wapendwa, poleni na kazi. Poleni na vumbi la leo. Mnaonisikia mkiwa Nakivale, mnaonisikia mkiwa Kabingo, na nyinyi wa kambi ya jeshi hapa Mbarara mnaopenda kunipigia simu kunisahihisha Kiswahili changu, sogezeni redio karibu. Mimi ni Gisèle. Leo tunamkumbuka papa Anselme, mchapaji. Anselme wa mashine ya Kamukuzi. Amefariki Jumanne. Tumemzika Alhamisi kule Rubondo, na mvua haikutuachia hata dakika.

Nitasema mapema, mtu asije akadai nimeficha. Mimi na marehemu hatukuwa marafiki. Kwa miaka minne aliniomba jambo moja tu: nisome maneno fulani hapa redioni. Kwa miaka minne nilimkatalia. Leo nitayasoma. Lakini kwanza mjue ni maneno gani, na kwa nini roho yangu ilikuwa ngumu.

Anselme alijifunza kuchapa Bukavu, kwenye mashine ya kanisa. Vita ya mwaka 1996 ikamtoa. Mwaka uliofuata akafika Nakivale, kambi ya wakimbizi, na mke wake, binti yao Olga, na mdogo wake Gad akiwa bado mgongoni. Wakapewa shamba. Majirani walimcheka, maana hakujua jembe. Alilishika kama mtu anayeogopa kulichafua. Mwaka 1998 akapata kazi Kamukuzi, kwa mwenye mashine anayeitwa Ignatius, na vicheko vikaisha.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye habari yote. Mashine ile ilikuwa ya rangi moja. Ukitaka picha ya rangi, karatasi ilipita mara nne. Njano kwanza, halafu nyekundu, halafu buluu, mwisho nyeusi. Kila wino unalala juu ya mwenzake. Wino wa pili usiposhika juu ya wa kwanza, picha imeharibika. Na uso wa mtu mweusi, wapendwa, unabebwa na hiyo nyekundu. Iondoe, uso unabaki kijani na majivu. Unabaki sura ya maiti.

Mwezi wa tatu mwaka 1999, kanisa moja Nakivale lilikusanya picha za watoto waliopotea vitani. Watoto ishirini na wanne. Wazo lilikuwa kuchapa bango moja kubwa, lipelekwe makambi yote, mpaka Kigoma. Mama mmoja wa Uvira, jina lake Sidonie, alitoa picha pekee aliyokuwa nayo. Binti yake, miaka tisa, amevaa gauni jeupe la ubatizo. Walipotezana wakikimbilia ziwani. Mama Sidonie alisubiri Nakivale kwa sababu hiyo tu: mtoto wake aje amkute.

Mtoto huyo ni mimi.

Bango likachapwa mwezi wa sita. Siku ya Ijumaa Anselme alipitisha njano. Alikuwa na haraka, akatia dawa ya kukausha wino vijiko vinne badala ya kimoja. Jioni umeme ukakatika. Ukarudi Jumanne. Siku zote hizo njano ilikuwa inakauka, ikakauka mno, ikawa laini na ngumu kama kioo cha dirisha. Nyekundu ilipopita juu yake haikupata pa kushika. Ukipitisha kidole gumba, inatoka yote.

Na kichwa cha bango, jamani, kilikuwa herufi nyekundu juu ya mstari mpana wa njano.

Anselme aliona. Hilo hakulikana hata siku moja. Alimwita Ignatius, akamwonyesha kidole gumba chenye wino.

"Boss, nyekundu haishiki. Njano ilikauka sana."

"Picha inaonekana ama haionekani?"

"Inaonekana, lakini..."

"Kama inaonekana, wewe funga. Watu ya kanisa iko nje na gari. Karatasi ingine mimi natoa wapi?"

Akafunga. Mwenyewe, kwa kamba. Mabango yakasuguana njia nzima, na mnaijua barabara yetu ya Kabingo, mashimo mpaka meno yanagongana. Yalipofika Nakivale kichwa hakikuwepo tena. Mstari wa njano mtupu. Chini yake nyuso ishirini na nne, kijani na majivu, na majina na miaka kwa wino mweusi. Mweusi ulishika vizuri sana.

Mchungaji alikuwa safarini. Mzee wa kanisa alilibandika mlangoni. Karatasi yenye majina, miaka na sura za maiti, basi, bila neno lingine. Wewe ungesemaje?

Mama yangu hakujua kusoma. Waliojua walimsomea kilichokuwepo: jina langu na miaka yangu. Jirani yake wa wakati ule bado yuko hai, na aliniambia alivyosema. "Nilipeleka picha, sasa jibu imerudi. Mutoto muzima hawezi kuwa na sura ya hivi." Wakatandika mikeka. Wakalia siku tatu. Siku ya nne mama akampa jirani jembe na dumu la maji. "Nilikuwa nabakia hapa juu ya mutoto. Sasa nabakia juu ya nani?" Akashika njia ya Ngarama, ya mpakani.

Mchungaji alirudi kesho yake. Alipiga kelele, wanasema, mpaka sauti ikampotea. Akazunguka nyumba kwa nyumba: si waliokufa, ni wanaotafutwa! Kote alikuta watu wa kuwafuta machozi. Kwa Sidonie alikuta mlango wazi. Watu wakatumwa Ngarama. Muuza ndizi mmoja alimwona mwanamke amejifunga kitambaa kiunoni, anatembea hasemi. Habari za mama yangu zinaishia kwa muuza ndizi.

Bango hilohilo, wapendwa, likafika Kigoma. Mwalimu mmoja kule alisoma majina, akaniita. Akalitazama bango, akanitazama mimi. "Hapa unaonekana umekufa," akasema. Tulicheka! Mimi na mwalimu tulicheka kweli. Waliolileta bango walisema limetoka Nakivale; nikasafirishwa, nikafika huko mwezi wa kumi na moja. Miezi mitano. Nawarudia tena: mama yangu aliondoka, na mimi nikafika baada ya miezi mitano.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, naishi kwa huyo jirani, nanywea maji ya dumu la mama. Siku moja akaja mwanaume mwembamba, kofia mkononi. "Mimi njo nilichapa ile karatasi," akasema. "Mimi njo nilitia dawa mingi." Hakutaja umeme. Hakumtaja boss wake. Nilimrushia kikombe cha uji, kikampiga kifuani. Akakiokota, akakiweka juu ya jiwe, akaenda zake na uji ukimchuruzika.

Tangu hapo Anselme akawa mtu wa jambo moja. Olga, binti yake, amenisimulia jana. "Papa alikuwa anatundika vipande vya karatasi kwa kamba, ndani ya nyumba, fasi yote. Ameandika masaa juu yake. Kumi na mbili, makumi mbili na nne, mpaka sabini na mbili. Anavipeleka kazini, anavipitishia nyekundu, anasugua na kidole, anaandika. Kidole yake ilikuwa nyekundu hata kanisani. Mama alimuuliza, sasa Yesu atashika mukono gani?"

Alichokipata kwa hivyo vipande ni hiki. Dawa ya kukausha, kijiko kimoja, si zaidi. Nyekundu imfuate njano kabla siku moja na nusu haijaisha, wakati njano bado inanata kidogo. Umeme ukikatika ukapitisha muda huo, usijidanganye: tupa, anza upya. Mwaka 2003 ikaja mashine ya rangi mbili, inayopitisha wino mbichi juu ya wino mbichi. Ikaja na ugonjwa wake. Wino wa pili, badala ya kulala, ulikuwa unaung'oa wa kwanza. Anselme akaugundua huo pia. Wino wa kwanza uwe ndio unaonata zaidi, wa pili uwe mlegevu. Unaupima kati ya kidole gumba na cha shahada, unavuta, unasikia. Na maji ya mashine upunguze, maana wino uliolewa maji haushiki popote. Wachapaji walitoka Kabale na Masaka kuja kumuuliza. Aliwaeleza wote, hakumnyima mtu.

Nilimpigia simu Ignatius. Ni mzee sasa. "Huyo mtu alinisumbua," akaniambia. "Anasimamisha mashine, kastoma iko hapa napiga kelele, yeye nasema hapana, sugua na kidole kwanza." Akashusha sauti. "Lakini siku ile ya kanisa, mimi ndio nilisema funga. Yeye hakukwambia? Basi sema kwa redio. Ni mimi."

Mwaka 2011 nilianza kazi hapa. Mwezi wa sita Anselme akaja getini na karatasi imeviringishwa. Alikuwa amelichapa bango upya, picha zilezile, rangi zake. "Sugua," akaniambia. Nikasugua. Nyekundu haikutoka. Nikajiona, miaka tisa, kahawia, gauni jeupe, mzima. Na juu kabisa, kichwa.

"Hii maneno hayakusomwa na muntu hata mumoja," akasema. "Watoto watano hawajaonekana mpaka leo. Uyasome, binti yangu."

"Mimi si binti yako."

"Basi uyasome, madamu."

Nilifunga geti. Alirudi kila mwezi wa sita, mara nne kwa jumla. Mara ya mwisho kifua kilikuwa kimeshambana, alikuwa anapumzika kila hatua kumi. Nilimwona dirishani. Sikushuka.

Nitawaambia kwa nini, kwa sababu leo siwezi kujipamba. Sikutaka apate nafuu. Nilitaka kidole kile kiendelee kumuuma mpaka kaburini. Nimefaulu. Ila mama za wale watoto watano bado wako Nakivale. Nawasalimia sokoni, wananinunulia mahindi ya kuchoma, wananiita mwanetu. Kwa kumkomoa Anselme, niliwanyima wao. Yeye alikosea siku moja kwa haraka. Mimi nilikosea miaka minne, kwa utulivu, nikiwa na kipaza sauti mbele yangu. Nawaomba kila mmoja wenu ajiulize usiku wa leo: ni neno gani umelikalia, na nani anateseka wakati wewe umelikalia?

Olga anasema baba yake hakutaja jina langu mwishoni. Aliuliza tu kama mwezi wa sita umefika. Ilikuwa mwezi wa tano.

Olga, na wewe Gad, poleni sana. Poleni, familia yote. Mungu awatie nguvu. Mlikuwa na baba aliyebeba kosa lake bila kumtwika mtu mwingine. Nisameheni kwa lile geti.

Sasa nasoma. Olga ameniletea bango lake, ninalo mbele yangu.

"Tunawatafuta watoto hawa. Kwetu wako hai. Ukimjua mmoja, leta habari."

Muhire, miaka sita. Semahoro, miaka kumi na mmoja. Gervais, miaka minne. Mukarukundo, miaka minane. Néhémie, miaka miwili. Wote wa Uvira na milima yake. Ni miaka ya mwaka 1996, wapendwa. Ongezeni kumi na tisa.

Na mimi naongeza mmoja ambaye hakuwa kwenye bango. Sidonie, wa Uvira. Alipita Ngarama mwaka 1999, kitambaa kiunoni, hasemi. Ukimwona, mwambie ile karatasi haikuwa ya kilio. Mwambie ni njano tu ilikauka mno. Mwambie mtoto alifika.