Severina Aliyepunguza Mikorosho ya Mnyambe

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Mama Severina Nangomwa wa Mnyambe, wilayani Newala, aliyezikwa Jumamosi iliyopita. Wengi mlimwita Mama Dorika. Wengine, tuseme kweli, mlimwita Mama Shoka, na hamkumwita hivyo kwa kumsifu.

Jina hilo lilianzia shambani kwa marehemu mama yake. Shamba lenyewe lilikuwa limeachwa miaka mingi, tangu watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa. Mikorosho ikajiotea, matawi yakasukana, chini kukawa giza mchana kweupe. Severina alirudi pale akiwa mjane mwenye watoto wanne. Miti ilikuwa mingi, korosho haba. Kila maua yalipotoka, ugonjwa wa ubwiriunga uliyafunika kwa vumbi lake jeupe, yakakauka.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini biashara ikafunguliwa. Wanunuzi binafsi wakapandisha malori yao kutoka Masasi. Kila mtu akataka korosho zaidi. Penye nafasi ya hatua mbili, watu wakachomeka mche.

Ndipo Bwana shamba Reginald alipoitisha mkutano. Akaeleza kwamba ardhi ina kiasi chake. Maji ni yale yale, chakula cha udongoni ni kile kile, na jua ni lile lile. Miti ikizidi, inanyang'anyana, na ugonjwa hupenda penye msongamano. Akawataka wapunguze nusu ya mikorosho yao. Watu wakacheka, wakaondoka mmoja mmoja. Severina alibaki. Alimuuliza jambo moja tu: akate upi, aache upi?

Kesho yake wakazunguka shamba zima pamoja. Kila mti wa kukatwa, Severina akaupaka majivu.

Habari zikamfikia mzee Lukmani, kaka wa mama yake. Wasikilizaji wapendwa, mnajua desturi yetu. Shamba lile ni la ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Mzee akaja na hasira. Severina akapiga magoti, akamwamkia shikamoo. Mzee hakuitikia marahaba.

"Dada yangu alipanda miti hii kwa mikono yake," alisema. "Wewe unataka kuiua?"

"Mjomba, inauana yenyewe," Severina akajibu. "Nisipochagua mimi, ugonjwa utachagua. Mama alipanda chakula, hakupanda kivuli."

Mzee akatoa neno lake: akate. Lakini korosho zisipoongezeka ndani ya misimu mitatu, shamba litapewa binti mwingine wa ukoo. Severina akakubali, akijua hana pengine pa kwenda na watoto wake.

Alikata nusu. Narudia, wasikilizaji: nusu ya mikorosho, wakati ambapo kila mtu alikuwa akipanda. Vijana aliowaita kusaidia walikata yote yenye majivu isipokuwa mmoja. Huo mama yake aliupanda siku Severina alipozaliwa. Ulikuwa umebanwa katikati ya miti miwili mizuri. Bintiye Dorika anakumbuka: "Mama alisema huu ni wangu, akachukua shoka. Alikata huku analia. Hakupumzika mpaka ulipoanguka."

Msimu wa kwanza alivuna kidogo kuliko zamani. Hapo ndipo jina la Mama Shoka lilipozaliwa. Lakini jua lilikuwa limefika chini, na penye jua akapanda muhogo, kunde na mbaazi. Watoto walikula. Msimu wa pili aliamka mapema kuondoa machipukizi yaliyosongamana ndani ya miti, kabla ubwiriunga haujapata makao. Salfa alipuliza kidogo tu, akasema dawa haichukui nafasi ya hewa. Msimu wa tatu matawi yaliinama kwa korosho.

Mzee Lukmani alikuja tena. Alitembea shamba lote. Severina akamwamkia. Safari hii mzee akaitikia, kisha akamwomba aende akamchagulie na yeye miti ya kukata.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa bado. Bei ilipopanda, baadhi ya watu walitaka kufyeka msitu wa mteremkoni, tunakoshuka kuteka maji, wapande mikorosho. Severina alisimama mbele ya mkutano wa kijiji. Aliwaambia wapunguze kwanza waliyo nayo, wavune zaidi pale pale. Msitu ule ndio unaoshika mvua na kuishusha taratibu hadi kisimani. Mtu mmoja akamuuliza, sasa watoto wetu watalima wapi? Akajibu maneno ambayo Mnyambe bado wanayasema: "Sisi tunazaa. Ardhi haizai ardhi."

Hakuishia mkutanoni. Aliwapeleka mabinti zake kliniki wapange uzazi, na majirani wengi wakawafuata, wengine kwa siri. Padri alimwonya, shehe akamwonya. Aliwasikiliza wote kwa adabu, akaendelea. Na msitu wa mteremkoni, wasikilizaji wapendwa, haujafyekwa mpaka leo.

Tunatoa pole kwa Dorika na wadogo zake, kwa ukoo wote wa mzee Lukmani, na kwa majirani wa Mnyambe na Mkunya. Mungu awape moyo wa kustahimili.

Nasi tuliobaki, tufanye alivyotufundisha. Kesho saa sita mchana, simama katikati ya shamba lako, utazame chini. Kama jua halifiki ardhini, jiulize unangoja nini. Dorika na wadogo zake hawakungoja. Matanga hayajaanuliwa, na tayari wako shambani wanapogolea. Tulipomuuliza kwa nini wasipumzike kwanza, Dorika alisema: "Maua yanakuja. Hayajui kwamba tumefiwa."