Maisha ya Apoline Ininahazwe, Fundi wa Makapeti ya Plastiki

Kwenu majirani wa hapa Kibondo, nanyi mliosafiri kutoka Kasulu na Kasanda mkafika kabla ya mvua, familia inawaomba mkae msikilize maisha ya Apoline Ininahazwe, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Ange, na wengine mlimfahamu kwa sababu aliwahi kupiga magoti sebuleni kwenu akirekebisha kapeti la plastiki.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 huko Kagerankanda, wilayani Kasulu, akiwa mtoto wa tatu wa wazazi waliokimbia Burundi mwaka 1972, wakalima mahindi na maharage hapo hapo mpaka wakawa raia. Alisoma shule ya msingi kijijini kwao kuanzia mwaka 1983 hadi 1989, kisha akajifunza ushonaji parokiani, mjini Kasulu.

Tarehe 22 Julai 1995 alifunga ndoa na Stanislaus Nduwayezu wa Kibondo, dereva wa malori yaliyopeleka posho kambini Nduta, wakajaliwa watoto wawili, Ange mwaka 1997 na Cadet mwaka 2001. Mwaka 2008 Stanislaus alitandika kapeti la plastiki kuanzia sebuleni hadi mlango wa jikoni, ili mama yake mzazi, Bibi Epifania, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia, asikanyage tena saruji ya baridi. Stanislaus alifariki kwa ajali ya gari tarehe 9 Novemba 2011, na Apoline akabaki katika nyumba ile akimtunza mama mkwe wake.

Jambo linalofuata, familia ilijadiliana kama lisomwe au liachwe, ikaamua lisomwe.

Asubuhi ya tarehe 5 Aprili 2013, baada ya masika kupenyeza maji chini ya mlango wa jikoni, Apoline akiwa uani alisikia kishindo, akakimbilia ndani, akamkuta Bibi Epifania chini, mfupa wa nyonga umevunjika. Alimpeleka hospitali, lakini homa ikampanda mgonjwa, akawa anaongea maneno yasiyoshikamana. Jioni akafika Niyitegeka, kaka mkubwa wa Stanislaus, kutoka Kasulu, akasimama mbele ya ndugu wote akasema, "Huyu amemsukuma mama ili nyumba ibaki yake."

Apoline hakulia wala hakukimbilia kwao. Alikwenda kusimama kwenye mlango wa jikoni akasema, "Shemeji, pasiguswe hapa mpaka mwenyekiti aje aone." Mwenyekiti wa mtaa alikuja, akaona gundi imeachia kwa unyevu na ukingo wa kapeti umeinuka kiasi cha kumeza vidole vya mguu, lakini Niyitegeka alijibu kwamba ukingo hata mkono unaweza kuuinua. Apoline aliitwa polisi, akahojiwa, akaachiwa kwa sharti la kutotoka Kibondo, na wanawake aliozoea kuteka nao maji wakawa wananyamaza kila anapokaribia. Kila siku alipika uji akaupeleka hospitali, ndugu wakaumwaga nje ya wodi akiwa anatazama, na kesho yake akapika tena, huku akijua kwamba Bibi Epifania akifa bila kusema neno, yeye ataitwa muuaji mpaka kaburini.

Bibi Epifania aliporudiwa na fahamu, Niyitegeka alimwinamia, akamuuliza, "Mama, nani alikusukuma?" Bibi akamjibu, "Nani anisukume? Mguu wangu uliingia chini ya kapeti. Mukazana wangu yuko wapi? Nina njaa."

Polisi walilifunga jambo lile, ila Niyitegeka hakulifunga, akasema mama ametishwa, akataka kumhamishia kwake Kasulu, naye Bibi akakataa katakata akisema anarudi kwa mukazana wake, mke wa mwanawe. Kabla hajarudi, Apoline alikwenda soko la nje ya kambi ya Nyarugusu kumtafuta fundi Rigobert, Mkongomani, aliyemwambia, "Mama, ukiweka kole," yaani gundi, "juu ya maji, itaachia tena." Basi akakunja kapeti, akaacha saruji ikauke kabisa, akakwangua gundi ya zamani, akalianika kapeti juani mpaka likalainika, akaligandisha na kulilaza kwa magunia ya maharage, na mahali palipochanika akaweka kiraka alichokikata pamoja na kapeti lililo chini yake kwa mkato mmoja, hata mshono usionekane. Bibi Epifania alitembea juu ya sakafu ile kwa fimbo mpaka alipofariki mwaka 2018, hakuanguka tena.

Kazi ile ikawa ajira yake, Kibondo na Kasulu, na kila nyumba aliwaonya wasideki kwa maji mengi wala kusugua kwa petroli, na waweke vitambaa chini ya miguu ya meza.

Mwezi Agosti 2019 aliitwa na Immakulata, mke wa Niyitegeka, kwa sababu mumewe alikuwa amepata kiharusi, anaburuta mguu, na kapeti la kwao limeinuka mlangoni. Tangu kesi ile, Apoline na shemeji yake hawakuwa wamesalimiana. Alifanya kazi akiwa amepiga magoti, Niyitegeka amekaa kwenye kiti anamtazama. Alipomaliza alipapasa ukingo kwa unyayo, akasema, "Shemeji, pita." Niyitegeka alisimama kwa taabu, akavuka, akageuka, akauliza, "Kule kwa mama, ukingo ulikuwa umeinuka kama huu ulivyokuwa?"

Apoline akasema, "Ule ulizidi."

Niyitegeka alikaa akafunika uso, na Apoline akamwomba Immakulata maji ya kunawa, wakala pamoja.

Mwezi Mei 2024 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya mlango wa kizazi, akatibiwa hapa Kibondo na katika hospitali ya rufaa Mwanza, akarudi nyumbani kwa hiari yake, akafariki alfajiri ya tarehe 17 Februari 2025, Ange akiwa amemshika mkono. Ameacha watoto wawili na wajukuu watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliolala hapa msibani, jumuiya ndogo ndogo, na mafundi wenzake waliobeba jeneza.

Niyitegeka yupo hapa mbele yenu, ulimi wake umekuwa mzito, hivyo ameomba asomewe neno lake kama alivyolitamka: "Nilisema mbele ya watu kwamba Apoline alimsukuma mama yangu. Hakumsukuma. Nilisema uongo, na mliousikia mkautangaze uongo huo kuwa umekufa leo."

Mama Ange, kazi yako imekwisha, Mungu akupokee upumzike kwa amani yake.