Hata Kilio Kilikuwa mu Kijapani

Bapapa na bamaman, na ninyi batonton wa kule nyuma, najua munashangaa. Kila Dimanche munaniona hapa ku kanisa ya Ganshoren, naimba mu Kifaransa, nasalimia mu Kifaransa, na mukitania mu Kiswahili mimi naangalia dari kama Mubeleji wa Bruges. Bon. Leo munasikia kinywa changu. Hiki ni Kiswahili cha Likasi. Nilizaliwa nacho.

Wazazi wangu walitoka Kasai kufuata kazi ya mgodi. Mimi hiyo Kasai sikuwahi kuiona. Na majirani tulikaa vizuri, tunaombana chumvi, tunabebeana watoto. Halafu wakubwa wakaanza kusema mu mikutano kwamba sisi watu wa Kasai ni bilulu. Wadudu. Mwanzo watu walicheka. Halafu wakazoea, na siku moja vijana wa avenue yetu, niliowapikia bukari, ule ugali wetu, tangu wadogo, walikuja na mafuta ya taa. Tulikimbilia ku gare kungoja treni. Papa alifia pale, juu ya simiti.

Nilipofika Bruxelles, niliapa: hii luga nimeizika. Walituita bilulu mu luga yangu mwenyewe, donc siitaki. Binti yangu sikumufundisha hata neno moja. Lakini usingizini nilikuwa naota mu Kiswahili, na asubuhi naamka na hasira. Usicheke, tonton. Niliumia sana.

Nikapata kazi ya kuosha wazee nyumbani kwao. Mumoja alikuwa maman wa Japon, mujane wa Mubeleji, kule Woluwe. Mukaidi kweli, chai yake lazima ichemke mbele ya macho yake. Siku moja namusugua mugongo, radio ikatoa habari za kwetu, na mutangazaji akalisema lile neno, bilulu. Sabuni ikaniponyoka. Maman akauliza maana yake. Nikamuambia: wadudu.

Akaniambia nizime radio. Halafu akasema: "Sisi walituambia maadui ni mashetani na wanyama. Nilikuwa mutoto wa shule wakati wa vita. Tulichora Waamerika wenye pembe. Asubuhi tuliinama kuelekea nyumba ya mufalme. Hata do-re-mi ya muziki walikataza, ati ni ya wageni, tukaimba ha-ni-ho. Na mimi niliamini yote, kwa furaha."

Ndugu zangu, nawaambia, sikujua muzungumzo utafika wapi. Akaendelea: "Kaka yangu alipoitwa vitani, majirani walikuja na bendera, wakamuambia mama: félicitations, hongera. Njo desturi serikali ilitaka. Alipokufa, walirudi: félicitations, umemutolea mufalme mutoto. Mama akainama, akawashukuru, akaenda jikoni kulia. Mimi nikamufuata, nikamuambia: nyamaza, wewe si raia. Tusi kubwa kuliko hilo halikuwako. Na alinyamaza kweli. Sikumusikia akilia tena mpaka kufa kwake."

Nikamufunika na taulo.

"Vita ilipokwisha, nikajua walitudanganya," akasema. "Nikaichukia ile luga walitudanganya nayo, nikaolewa mbali nayo. Miaka mingi sikuitamka. Lakini mama alilia mu Kijapani. Pale jikoni alimuita kaka kwa jina lake la utoto. Nikiitupa ile luga, namunyamazisha mama mara ya pili."

Alors, sikilizeni. Wiki ile kijana mumoja wa kwetu, yuko kazini mbali, alinipigia simu. Maman yake ameletwa toka Likasi, yuko ku hôpital pale pale Woluwe, hasikii Kifaransa, anaogopa, anakataa wamupasue; aliniomba niende kumutafsiria. Nilimujibu kwamba Kiswahili nilisahau. Na yule maman nilimujua vizuri sana. Alikuwa jirani yetu. Njo yeye aligonga dirisha letu kabla ya wale vijana kufika: "Mukimbie, bana bangu, beko banakuja." Mu Kiswahili. "Bilulu" walisema mu Kiswahili, na "mukimbie" vilevile. Mimi nilishika neno moja, la pili nikaliacha.

Nilitoka kwa maman wa Japon mikono inanuka sabuni, nikaenda moja kwa moja ku hôpital. Nikainama ku kitanda. "Maman, ni miye."

Akaniangalia sana. "Nilizania balikukata lulimi."

"Hapana, maman. Niliuficha."

"Bon. Basi ambia hawa banganga: mbele ya kunipasua, banipe bukari. Haba banakula majani."

Nililia na kucheka pamoja. Docteur anauliza, amesema nini? Na mimi bukari nashindwa kuiweka mu Kifaransa.

Yule maman ameketi pale ku mulango, amepona, anasinzia kama kawaida. Asante, maman, kwa dirisha. Maman wa Japon alituacha mwaka huu. Naye asante, popote alipo, na nafikiri sasa analia na mama yake bila kukatazwa. Ninyi pia asante, mulinivumilia na Kifaransa changu. Nawaachia hili tu: wakubwa wakiwapa neno jipya la kumuita jirani, musilitie mu kinywa. Muiteni kwa jina lake, hata kama mukutano muzima unapiga makofi.

Sasa binti yangu namufundisha Kiswahili, polepole. Jana aliniuliza bilulu ni nini. Nikaweka kijiko chini. Halafu nikamujibu: ni wadudu wadogo, mama, wanatembea mu majani. Akasema ah bon, akaendelea kula.