Mama Gloriose na Pikipiki Isiyo na Springi za Nyuma

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 2024, Gloriose Nabintu anavua koti lake jeupe baada ya miaka thelathini na mitatu ya uuguzi, karibu yote katika kituo chetu cha afya hapa Nyamianda, mjini Uvira. Sisi wenzake tungependa kumuaga kwa moyo mtulivu. Moyo huo hatuna, na sababu imeegeshwa nje ya lango.

Kazi yake kubwa ilikuwa chanjo. Watoto wa mtaa waliijua glasiere yake, lile sanduku la baridi la dawa, tangu mbali, wakakimbilia chini ya vitanda. Basi akaanza kuifunika kwa sombe, majani ya muhogo, kama mama anayetoka sokoni, na kwa muda fulani hila hiyo ilimfaa. Baadaye watoto wakaanza kukimbia hata sombe, na wazazi wakaja kulalamika kwetu.

Alipanda pia milimani Bijombo, amebebwa nyuma ya pikipiki za abiria. Mwaka mmoja wa mvua nyingi, pikipiki iliteleza kwenye tope ikamwangukia. Nyonga ilivunjika, na ilipopona mguu wa kushoto ulibaki mfupi. Alirudi kazini akichechemea, wala hakupanda tena pikipiki. Nyuma ya dereva mwingine hakutaka, na ya kwake mwenyewe isingewezekana, kwani zote zilikuwa ndefu mno kwake. Akisimama, mguu haukufika chini.

Kustaafu kulipokaribia, tulidhani atapumzika. Yeye alitutangazia kwamba anataka kuendelea kuwatembelea akina mama wa kandokando ya ziwa, na kwamba mume wake, Baba Osée, anamtengenezea pikipiki nyumbani. Tulicheka. Kisha tulipita kwao, na kicheko kikaisha.

Baba Osée ni mchomeleaji wa milango na madirisha. Uani pake tulikuta pikipiki kuukuu iliyokatwa sehemu yote ya nyuma. Alikuwa ameondoa springi na kuunga mabomba ya chuma moja kwa moja hadi kwenye gurudumu, ili kiti kishuke. Mama Gloriose aliketi juu yake, nyayo zote mbili zikagusa ardhi. Alitabasamu kama binti. Sisi tulikuwa tunatazama vile viungo vya kuchomelea, tukiwaza mashimo ya barabara yetu na nyonga iliyokwisha kuvunjika.

Jaribio la kwanza alilifanya Baba Osée mwenyewe, na mfuko wa mchanga nyuma yake. Karibu na mto Mulongwe kiungo kimoja kilipasuka, gurudumu likakaa upande, akaburuzwa. Habari ilimkuta Mama Gloriose na sindano mkononi. Alimaliza kumchanja mtoto, akampangusa, akavua glavu, ndipo akatoka. Hatukuwahi kumwona akikimbia na mguu ule.

Baba Osée alikuwa amechubuka mkono wote, ila mfupa ulikuwa mzima. Tulipokuwa tukimfunga bandeji alisema, "Kesho ninaikatakata. Kama ingekuwa weye juu yake, watoto ningewaambia nini?"

"Ungewaambia mama yao alianguka anaendesha mwenyewe," akajibu mke wake. "Ile siku ya Bijombo minye nilikuwa nyuma ya muntu. Nilimuomba apunguze mwendo, hakusikia. Sitaki tena kuanguka mu mikono ya mwengine."

Baba Osée hakuikatakata. Alichomelea upya kila kiungo, akatia vipande vya chuma kinene kwenye kona, akamwita mwenzake Gratien agonge na kukagua. Hata hivyo, kwa majuma kadhaa alikuwa akiamka asubuhi na kwenda kuipapasa kabla ya kunawa uso.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, Mama Gloriose aliiendesha mwenyewe kuelekea Kalundu. Tulisimama kando ya barabara tukimsubiri. Kila mlio wa pikipiki ulitushtua, na Uvira pikipiki haziishi. Lilipita lori, wakapita vijana wawili na abiria wao, yeye haonekani. Baba Osée alichuchumaa, macho chini.

Hatimaye akatokea, polepole, mgongo wima. Akasimama na kuweka miguu yote miwili chini. Mama mmoja alikuwa amemsimamisha njiani kumwonyesha mtoto mwenye homa, naye hakuona sababu ya kuharakisha.

Baba Osée alienda nyuma ya pikipiki kwanza, akapitisha kidole juu ya kila kiungo, kimoja baada ya kingine.

"Mugongo inauma," mke wake akamwambia. "Lakini imeshika."

Hapo ndipo Baba Osée alipoketi chini, katika vumbi, na nguo zake za misa.

Mama Gloriose, asante kwa watoto uliowachanja, ambao leo wanakuletea wa kwao. Asante kwa kutufundisha kumaliza kazi iliyo mkononi hata moyo unapokimbia. Tumesikia kwamba Jumatatu unakwenda Makobola, kando ya ziwa, kwa pikipiki hiyo. Hatukuzuii, maana hatuwezi. Mungu akupe maisha marefu na mema, wewe na Baba Osée. Nenda polepole. Na ukifika, tafadhali, utupigie simu.