Bibi Visigino na Mstari wa Chaki

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Bibi Visigino, alizaliwa mwaka 1941. Vyeti vyake vinasema tarehe 3 Juni, lakini mwenyewe hakuikubali. "Hiyo ni siku niliyoandikwa," alikuwa akisema, "siku niliyozaliwa aliijua mama." Alikuwa kitinda mimba wa seremala na mkewe, mtoto wa pili kati ya mabinti wawili. Dada yake alimzidi miaka miwili, na ndiye aliyemfundisha kila kitu, ujanja ukiwemo.

Ndui ilipoingia mjini mwaka 1948, wazazi wote wawili walifariki katika wiki moja. Mabinti walipelekwa nyumba ya yatima, iliyokuwa ghala la chumvi. Watoto walizidi vitanda, kwa hiyo msimamizi alipiga mstari wa chaki kwenye mwimo wa mlango wa ofisi yake. Asiyefikia mstari angebaki kungoja familia ya kumwasili. Aliyeufikia angepelekwa mji mwingine, kwenye bweni la kazi ya kufua. Mpishi aliivujisha siri hiyo asubuhi, watoto wakiwa wameshapangwa foleni mbili kwa umri na kukatazwa kusemezana.

Siku hiyo wote walivaa magauni ya msaada, ya watu wazima, yanayoburura sakafuni. Dada alijua mdogo wake hataufikia mstari, akakunja magoti ndani ya gauni ili abaki naye. Mdogo alijua dada yake ataufikia, akachuchumia kwa ncha za vidole ili aende naye. Waliingia mmoja mmoja, wakatokea mlango wa nyuma, na msimamizi aliyekuwa na miwani yenye ufa hakugundua kitu. Ujanja wao wote wawili ulifaulu, na hilo ndilo lililowatenganisha. Lori liliondoka kabla ya adhuhuri. Marehemu alizitazama sura zote za mabenchi mawili, akarudia tena, dada hakuwemo.

Kule bwenini alikuwapo mpiga pasi, mwanamke asiye na mume wala mtoto, mwenye ulimi mkali na moyo mweupe. Alimkuta marehemu amesimama juu ya ndoo ili aifikie meza ya shuka. "Huyu mmemtoa wapi? Huyu ni wa shule, si wa kufua!" alimfokea mkuu wa bweni. Alimwasili kisheria tarehe 12 Februari 1951, akamsomesha kwa pasi ya makaa hadi alipopata cheti cha uuguzi mwaka 1963. Kila mwaka mpiga pasi huyo aliiandikia nyumba ya yatima kumuulizia dada. Jibu lilikuwa lile lile: ameasiliwa, amepewa jina jipya, faili limefungwa.

Kuanzia mwaka 1963 hadi 1996 marehemu alifanya kazi katika kliniki ya watoto, kwenye ubao wa kupimia urefu. Hakumwamini mtoto yeyote. Alipiga magoti sakafuni, akashika miguu yao kwa mikono yake, akasema, "Visigino chini, magoti yanyooke. Haya, sasa wewe ni wewe." Wauguzi wenzake walimcheka kwa kuchelewesha foleni. Naye hakuwaambia sababu, kwa kuwa aliamini kosa lilikuwa lake peke yake.

Tarehe 8 Aprili 1967 aliolewa na fundi saa, mtu mwenye maneno matamu na kimo kifupi. Siku ya kuposa alisimama kando ya marehemu ili apigwe picha, akaambiwa papo hapo, "Visigino chini, bwana, nimekuona." Fundi alishusha visigino, na ndoa yao ikadumu miaka thelathini na tisa. Hawakujaliwa kuzaa. Mwaka 1972 walikwenda kuasili mtoto wa kike, na marehemu akamwona kaka wa mtoto huyo amesimama dirishani. Aliirudisha kalamu mezani. "Nipeni wote wawili, au nakaa hapa hapa mpaka mnichoke." Walichoka saa kumi alasiri. Yule mtoto wa kike ndiye anayewasomea wasifu huu.

Machi 1994 mama mmoja alimleta mwanawe kliniki, akaangua kicheko aliposikia wimbo wa visigino na magoti. "Makubwa! Nyumbani mama yangu naye hutukataza kukunja magoti. Anasema aliyakunja mara moja, akampoteza mdogo wake." Marehemu alikaa chini pale pale, rula mkononi.

Jumamosi iliyofuata dada alifika. Kabla hata ya salamu marehemu alimshika mabega. "Nani alikutuma ukunje magoti?"

"Na wewe nani alikutuma uchuchumie? Si ungesimama tu!"

Waligombana mpaka chai ikapoa, kisha wakalia. Kila mmoja alikuwa amejilaumu miaka arobaini na sita. Fundi saa alipofariki mwaka 2006, dada alihamia chumba cha uani, na hawakulala tena nyumba mbili.

Marehemu alipata kiharusi Novemba 2018. Dada alikataa kula; akisukumiwa sahani, anaisukuma nyuma. Marehemu aling'amua mara moja. "Dada, unakunja magoti tena. Usinifuate kwa ujanja, tutapishana mlangoni. Kula. Uje kwa kimo chako." Siku hiyo dada alimaliza uji wote. Marehemu alifariki tarehe 14 Machi 2019, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa dada.

Ameacha watoto wawili, wajukuu watano na kitukuu mmoja. Ameacha pia dada yake, aliyeketi mbele yetu, ambaye leo asubuhi amekunywa chai na kula mkate mbele ya mashahidi.

Bibi Visigino, pumzika kwa amani, visigino chini. Dada atakukuta.