Ishaku Bityong, Mfumaji, na Duka la Mama Rifkatu

Mchungaji, wazee wa kanisa, Malam Habu na ndugu zetu mliovuka mto kuja kuzika pamoja nasi, wenzetu wa kiwandani wa zamu zote, majirani wa Kakuri na waombolezaji wote, kwa niaba ya ukoo wa Bityong, mimi Istifanus, niliyemfuata marehemu ziwa, nimepewa heshima ya kuwasomea maisha yake. Kamati ya mazishi imeniambia nisizidishe dakika kumi na nisimchekeshe mtu. La kwanza nitajaribu.

Kabla sijaanza, ni vyema mjue ninakokwenda. Tangu Ijumaa ya wiki iliyopita kuna swali linazunguka mitaani, limeingia mpaka foleni ya maji, watu wanaulizana mke wa marehemu alikuwa wapi mume wake akikata roho, na waulizaji wenyewe wameshajijibu kwamba alikuwa sokoni anauza vitenge. Lisemwalo lipo, na hili lipo kweli, shemeji yangu Asabe alikuwa sokoni. Nitafika huko kwa utaratibu, maana historia ya mtu huanza alipozaliwa.

Marehemu Ishaku Bityong alizaliwa tarehe 3 Mei 1953 katika kijiji cha Kurmin Dawa, upande wa Zonkwa, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa marehemu baba yetu Bityong na marehemu mama yetu Kande. Tarehe hiyo aliichagua mwenyewe siku ya kuandikwa kazi, kwa kuwa mama alikumbuka tu kwamba ulikuwa msimu wa kupanda tangawizi na kwamba uchungu ulimkuta shambani, akakasirika kwa sababu tuta lilikuwa halijaisha.

Alisoma shule ya msingi ya misheni kuanzia Januari 1961 hadi Desemba 1967, ambako alikuwa wa kwanza darasani kwa urefu, na mengine ya shuleni familia imeamua yabaki na walimu wake, ambao wote wametangulia mbele ya haki. Mwaka 1976 alikuja Kaduna kwa mjomba wetu, na Jumatatu tarehe 6 Februari 1978 akaajiriwa kuwa mfumaji katika kiwanda chetu cha nguo, ambacho sina haja ya kukitaja, kwa kuwa nusu ya waliokaa hapa kiliwalea na nusu nyingine kiliwalipia mahari.

Katika kiwanda hicho alifanya kazi miaka ishirini na saba, akisimamia mitambo inayopiga kelele mpaka meno yanacheza, ndiyo maana alizungumza namna mlivyomzoea, na wanawe ni mashahidi kwamba baba yao akiomba chumvi mezani, jirani wa nyumba ya tatu alikuwa akiileta.

Jumamosi tarehe 20 Desemba 1980 alifunga ndoa takatifu na Asabe, binti wa marehemu mzee Duniya wa Zonkwa. Bibi harusi, mama zake na mashangazi zake wote walivaa kitenge kilichofumwa kwenye mtambo wa bwana harusi mwenyewe, jambo alilolitangaza kanisani kwa sauti yake ile, katikati ya mahubiri. Wahenga walisema mke ni nguo, na marehemu aliuchukua msemo huo kama maelekezo ya kazi. Mungu aliwajalia watoto watano, wa kwanza Rifkatu, wa mwisho Nehemiya, nao wote mnawaona hapa mbele.

Sasa nafika mahali pagumu. Ijumaa tarehe 11 Novemba 2005, saa nane mchana, king'ora cha kiwanda kililia mara ya mwisho, na langoni pakabandikwa tangazo kwamba kiwanda kimefungwa kwa muda. Vitenge kutoka nje vilikuwa vimejaa sokoni, vikivushwa mpakani kwa magendo, kwa bei ambayo sisi tusingeweza hata kununulia rangi, tena, kwa ufedhuli usio na mfano, vikiwa vimepigwa kwenye pindo jina la kiwanda chetu wenyewe. Walituua, wakavaa jina letu.

Neno "kwa muda" ndilo lililomponza kaka yangu. Jumatatu iliyofuata, saa kumi na mbili asubuhi, alivaa ovaroli yake, akaenda langoni, akawakuta wenzake nao wamekwenda, na kwa kuwa lango lilikuwa na kufuli, wakaketi mbele yake. Saa nane mchana zamu ya pili ikaja, ya asubuhi ikainuka, na mchezo wa drafti uliokuwa ukiendelea ukakabidhiwa kete kwa kete, na maelezo juu ya nani anaelekea kushindwa. Hivyo ndivyo walivyofanya mwaka hadi mwaka, ukichelewa unakaripiwa, ukiumwa unaomba ruhusa, na Malam Habu, msimamizi wa zamu ya asubuhi, alivuka mto kila siku hata katika miezi ambayo watu wa ng'ambo hii ya makanisa na ng'ambo ile ya misikiti walikuwa wakiogopana.

Msicheke sana, kwa maana nyumbani hakukuwa na cha kuchekesha. Watoto walirudishwa kutoka shule, vitanda viliuzwa, wanaume wenye nguvu zao walijifungia ndani mchana wasionekane, wengine tuliwazika kabla ya umri wao, na wanawake wa Kakuri wote walianza kukaanga kosai, bajia za kunde, kwa wakati mmoja, mpaka wakaangaji wakawa wengi kuliko walaji. Shemeji Asabe alikaanga miaka miwili, akala hasara yake mwenyewe kwa kunu, uji wa nafaka, na Jumatatu tarehe 7 Aprili 2008 akarudi kutoka sokoni na robota la vitenge kichwani. Vya nje.

Nilikuwapo uani. Kaka yangu alishika pindo la kitambaa, akasoma jina la kiwanda chetu lililoghushiwa. "Asabe, umeniletea muuaji chumbani!"

"Baba Rifkatu, huyu muuaji ana bei nzuri," shemeji akamjibu, naye hata robota hajalitua. "Ada ya Nehemiya utalipa kwa drafti?"

"Nimekula jasho la mikono yangu miaka ishirini na saba!"

"Mla ni mla leo, mla jana kala nini? Wewe kaa langoni kwako, mimi nakwenda sokoni kwangu."

Ndipo marehemu alipoapa, mbele yangu na mbele ya mbuzi, kwamba chakula kilichonunuliwa kwa nguo ile hakitapita kooni mwake. Tangu siku hiyo nyumba ile moja ilikuwa na sufuria mbili, ya shemeji yenye nyama, na ya kaka yangu, aliyojipikia mwenyewe kwa mahindi ya kashamba kake ka mtoni, ugali wa tuwo ambao niliwahi kuuonja kwa heshima ya undugu na sitarudia. Kwa miaka karibu saba walilala kitanda kimoja na kula mbalimbali, na kama asingekuwa Rifkatu, aliyekuwa akitumbukiza vipande vya nyama ya mama yake katika sufuria ya baba yake kila alipogeuka, historia hii ningeisoma mapema zaidi. Kaka yangu mwenyewe alikuwa akijisifu kwamba mchicha wa mtoni una nguvu za ajabu.

Jumanne tarehe 17 Machi 2015, karibu na saa nane mchana, watu wawili wa forodha waliingia uani kwa shemeji, wageni kabisa mjini, wamepelekwa Kaduna mwezi uleule kusaka nguo za magendo. Mimi nilikuwa nimekuja kuazima jembe. Walikuta marobota chumbani yamefika dari, mali yote ya nyumba ile, karo ya Nehemiya ya chuo na chakula cha wajukuu. Jirani alikimbia langoni kumwita kaka yangu, naye akaja na ovaroli yake, akasimama mlangoni kama nguzo ya umeme.

"Mzee, mzigo huu wa nani?" akauliza mkubwa wao.

"Wa mke wangu."

"Umetoka wapi?"

Ndugu waombolezaji, nilimwangalia kaka yangu, mtu aliyekuwa akikamata magauni ya wanawake kanisani ili kukagua pindo, mtu aliyekuwa akisubiri siku ya kuwaona watu wa forodha tangu mwaka 2005, na sasa wamemjia mpaka mlangoni, nikasema moyoni, leo shemeji amekwisha. Kaka yangu alimtazama mkewe. Kisha akainua pindo la kitambaa.

"Hamjui kusoma? Jina la kiwanda hilo hapo. Nimekifuma mimi."

"Lakini mzee, kiwanda hiki tunasikia kilifungwa zamani."

"Mnasikia!" Mtaa mzima ulimsikia. "Na hii ovaroli nimevaa kwenda harusini? Nimetoka zamu sasa hivi. Twendeni mkaone!"

Tukaenda, na Mungu si Athumani, tulifika saa nane kamili, zamu ya asubuhi inainuka, zamu ya mchana inaingia, watu wazima wenye ovaroli wanakabidhiana kwa heshima zote, na Malam Habu anamkemea mmoja kwa kuchelewa. Wale maofisa walisimama, wakatazama.

"Baba, nanyi mnafanya kazi hapa?"

"Tangu mwaka sabini na tisa," akajibu Malam Habu, ambaye mnamjua, hajasema uongo maisha yake yote na siku ile pia hakusema.

"Mbona mitambo haina kelele?"

"Umeme umekatika."

Wakaelewa mara moja, kwa sababu katika nchi hii hilo ndilo jibu pekee lisilohitaji ushahidi. Wakawapa pole, wakaomba radhi, wakapanda gari lao. Malam Habu aliniambia baadaye kwamba kama wangemuuliza umekatika lini, angewaambia.

Kaka yangu alirudi nyumbani, akaketi kwenye kigoda, akavua kofia. "Mama Rifkatu, nipakulie."

"Kutoka sufuria ipi?"

"Usinitese, mwanamke. Yenye nyama."

Shemeji alipakua huku analia, naye alikula, akaongeza, akaongeza tena. Jioni ileile alikwenda kwa Mchungaji kukiri kwamba amesema uongo, akasimamishwa uzee wa kanisa miezi mitatu, na Mchungaji atanisahihisha nikikosea, alipoulizwa kama anajuta, aliomba apewe muda wa kufikiri. Mwaka uliofuata shemeji alipangisha duka, na marehemu, akitoka zamu ya asubuhi, alikwenda kumbebea marobota na kuwaambia wateja kitambaa kipi kitachuja, mpaka shemeji akamhamishia nyuma ya duka.

Marehemu alianza kusumbuliwa na kifua mwaka 2019, vumbi la pamba likidai nafasi yake, na Jumatatu tarehe 29 Machi 2021 alilazwa hospitalini. Tangu siku hiyo shemeji alifunga duka, akalala sakafuni kando ya kitanda cha mumewe, na mwenye kusema vinginevyo aniulize mimi niliyemletea mkeka.

Alhamisi tarehe 8 Aprili, alasiri, kaka yangu alifumbua macho, akamwona. "Dukani yupo nani?"

"Nimefunga, Baba Rifkatu."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipolazwa. Ningekuachaje?"

"Umebandika tangazo?"

"Nimeandika nimefunga kwa muda."

Hapo alikasirika, na akajaribu kuketi mpaka muuguzi akaja mbio. "Kalibandue! Asabe, kesho ukafungue. Watu wakizoea mlango uliofungwa hawarudi, mimi nimekaa mbele yake miaka kumi na tano, hakuna aliyerudi." Shemeji alikataa, akamwambia kitenge kitasubiri. "Kitenge kitasubiri, wateja hawasubiri. Sitaki wajukuu wangu wakae langoni. Niahidi." Alimbana hivyo mpaka giza likaingia, hata wagonjwa wengine wakamsihi shemeji aahidi ili walale, naye akaahidi.

Ijumaa tarehe 9 Aprili 2021 asubuhi, shemeji Asabe alimwosha mumewe uso, akamlisha uji vijiko viwili, akaondoka huku anageuka nyuma. Nilibaki mimi. Baadaye kaka yangu aliniuliza saa ngapi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa ananong'ona, ikabidi niiname. Nikamwambia ni saa mbili na nusu. Akasema, "Basi ameshafungua." Hakusema neno jingine, na saa tatu na dakika kumi alikata roho.

Huko ndiko alikokuwa mke wake, ndugu zangu. Alikuwa mahali alipotumwa, anafanya kitu cha mwisho mume wake alichomwomba, na kama kuna mwanamke hapa aliyewahi kumtii mumewe kwa uchungu kuliko ule, asimame tumwone.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi walioivumilia sauti yake, majirani waliopika na kuchota maji, Mchungaji na kanisa, wafanyakazi wenzake wa zamu zote mbili, na Malam Habu, aliyesimama na jeneza tangu alfajiri wala hajaketi. Marehemu ameacha mjane, watoto watano na wajukuu kumi na mmoja.

Kesho kutwa, Jumatatu tarehe 19, duka la Mama Rifkatu litafunguliwa saa mbili asubuhi. Shemeji aliniomba nisiliseme hili kaburini, anaona haya, nami nimelisema, kwa kuwa maneno mmeyasema mchana na majibu yake yasemwe mchana. Mwenye swali zaidi akamuulizie palepale, mlango utakuwa wazi.

Kaka yangu Ishaku, pumzika, na upumzike kwa amani.