Nani Aliubandua Mshipa Wangu wa Fahamu?

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu! Naona wengine mnaitazama miguu yangu. Itazameni tu, leo imenileta hapa yenyewe.

Mimi Mama Kulwa wa Samuye nilikuwa mtu wa kushuku. Ganzi ilipoanza vidoleni ikapanda hadi magotini, nikawa natambaa, sikujiuliza mara mbili. Nikasema ni mama mkwe! Kwa nini anafagia uani kabla sijaamka? Kwa nini macho yake mekundu? Yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni kwangu, lakini nani angeniambia? Nikatangaza kijiji kizima kwamba ananiroga. Na mnajua huku kwetu kikongwe akishatajwa hivyo, panga haliko mbali. Mume wangu akakubali kumhamishia kibanda cha pembeni mwa kijiji.

Hospitalini daktari akasema atakata kipande cha mshipa wa fahamu, hapa juu ya kisigino, kikapimwe. Nikashtuka! Kipande cha mwili wangu ndani ya kichupa, na machimbo ya Geita yako pale? Nikajua kinapelekwa kwa mganga wa wachimbaji, awatengenezee dawa ya kupata dhahabu. Nikawaambia, kateni, ila siku ya majibu nikione kwa macho yangu.

Siku ilipofika, binti wa maabara, mpole hadi nikamshuku, akanisogeza kwenye hadubini.

"Shikamoo mama. Huu mshipa una ganda, kama waya wa umeme. Lako limebanduka."

"Nani kalibandua?" Jina nilikuwa nalo tayari.

"Kinga ya mwili wako mwenyewe, mama. Imekugeukia."

Ndugu zangu! Nilimshuku kila mtu, nikajisahau mimi!

Nikanywa vidonge, nikaomba, na baada ya miezi Bwana akanisimamisha. Safari ya kwanza nikaenda kumpigia magoti mama mkwe.

"Nilijua, mkwe wangu," akasema. "Uji niliokupikia nilikuwa nakuona unaumwaga. Nikaendelea kupika."

Nililia sana siku ile. Asante Yesu kwa miguu, lakini zaidi kwa moyo huu, ingawa shetani wa kushuku bado ananipigia hodi. Wewe unayemshuku mtu leo, mpe Bwana jina lake, kisha nenda ukapimwe.

Mama mkwe, simama wakuone. Na ninyi mnaomkwepa kisimani hadi leo, mimi ndiye niliyewadanganya.